Shajara ya mradi: kutengeneza kipokezi CD16a, sura ya V na sura ya F, kwa ajili ya kupima kingamwili za malaria

Tunachotengeneza ni sehemu ya nje ya CD16a ya binadamu, kipokezi kinachokaa juu ya seli za NK (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa) na kushika mguu wa Fc wa kingamwili aina ya IgG. Tunakihitaji katika sura zake mbili, ile yenye valini na ile yenye fenilalanini mahali pa 158, kikiwa safi, kikiwa na sukari zake, na kikiwa na biotini (vitamini inayoshikwa kwa nguvu na protini iitwayo streptavidini) moja tu kwa kila molekuli. Kitatumika kwenye kipimo cha shanga: antijeni za malaria zimegandishwa juu ya shanga, seramu inapitishwa, kisha kipokezi kinaongezwa ili kionyeshe ni kingamwili zipi kati ya zilizoshika antijeni zinaweza kuamsha seli ya NK.

Kupima wingi wa kingamwili peke yake hakujibu swali hilo. Utafiti uliochapishwa 2021, uliohusisha wajawazito wa Ghana, ulionyesha kwamba kingamwili zao dhidi ya VAR2CSA, protini ambayo kimelea hutumia kuing'ang'aniza chembe nyekundu kwenye kondo la nyuma, zina upungufu wa fukosi, aina mojawapo ya sukari, kwenye mnyororo wa sukari wa Fc. Waliochanjwa kwa protini hiyo hiyo hawakuwa na upungufu huo. CD16a ndicho kipokezi kinachoiona tofauti hiyo waziwazi: IgG1 isiyo na fukosi inaweza kushikwa kwa nguvu hadi mara 50 zaidi. Kipokezi kilichotengenezwa vibaya kitaificha tofauti hiyo, na hakuna kitu kwenye karatasi ya matokeo kitakachokwambia kwamba imefichwa.

Wiki ya 1: kupanga jeni

Mfuatano tumeuchukua UniProt, hifadhidata ya protini, namba P08637, si O75015 ambayo ni CD16b ya nyutrofili. Ndugu hawa wawili wanafanana mno kwa nje, na kingamwili 3G8 inayotumiwa kila mahali huwashika wote. Ukikosea hapa, kipimo cha 3G8 hakitakushtua.

Namba ndizo zinazopoteza watu. Majina V158 na F158 yanahesabu protini iliyokomaa, wakati UniProt inahesabu tangu methionini ya kwanza, na huko mahali hapo ni 176. Tofauti ni 18. Lakini ukurasa huo huo unasema kipande cha mwanzo, kile kinachoiongoza protini nje ya seli kisha kukatwa, kina asidi amino 16. Anayejumlisha 16 atafika 174, na pale kuna glisini. Jeni itatengenezwa, protini itatoka, na hakuna atakayejua kwa nini haishiki. Njia ya uhakika ni kutafuta herufi zenyewe: CRGLFGSK. Hiyo F katikati ndiyo 158. Sura iliyoko UniProt ni ya F. Ya V hupatikana kwa kubadilisha herufi moja ya DNA, TTT kuwa GTT.

Mwisho wa kipande tumeuweka kwenye glisini 193, kwa hesabu ya UniProt. Tungeweza kwenda hadi 208, ukingoni mwa utando wa seli, lakini kimeng'enya ADAM17 hukata CD16a kati ya alanini 195 na valini 196, na seli za HEK293, seli za binadamu zitakazotutengenezea protini, zinacho. Alama zetu za kusafishia ziko mwishoni mwa protini. Kukata hapo ni kupoteza alama zote mbili na kubaki na protini isiyoshikika kwenye resini. Tumeondoa mahali pa kukatia, shaka ikaisha.

Mpangilio kamili, kutoka mwanzo: GCCACC mbele ya ATG, kipande cha kuongozea cha mnyororo wa kapa wa kingamwili, CD16a kuanzia 17 hadi 193, kiungo kifupi cha glisini na serini, alama ya Avi (GLNDIFEAQKIEWHE) ya kuwekewa biotini, kisha histidini 8 za kushikwa na nikeli. Vekta ina promota ya CMV. Kwa hesabu, protini tupu bila sukari ni kama kDa 23 (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli), yenye triptofani 6, tirosini 8 na madaraja 2 ya salfa. Kutokana na hizo, kipimo cha ufyonzaji kwa nm 280 ni 45,170 kwa mola kwa sentimita, yaani miligramu 1 kwa mililita inasoma karibu 1.9. Namba hii imebandikwa ukutani, kwa sababu tutaihitaji kila siku na kwa sababu mashine ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida itachukulia 1.0 na kutupatia ukolezi karibu mara mbili ya ule wa kweli.

Swali lililoulizwa kikaoni: kwa nini tusitumie bakteria, ambako ni rahisi na protini ni nyingi? CD16a ina mahali 5 pa kuwekewa sukari kwenye asparajini (38, 45, 74, 162 na 169 kwa hesabu ya protini iliyokomaa). Sukari ya 162 inagusana moja kwa moja na sukari ya Fc, na ndiyo inayokifanya kipokezi kitofautishe IgG yenye fukosi na isiyo nayo. E. coli haiweki sukari hiyo. Protini ya bakteria inaweza kukunjwa vizuri na ikashika IgG, ila kwa swali letu ni kipofu.

Wiki ya 2: plasmidi na seli

Plasmidi zote mbili zimesomwa herufi kwa herufi upande wote wa jeni, si mahali pa badiliko tu. Uwiano wa 260/280 ni 1.87 kwa V na 1.89 kwa F. Endotoksini imeondolewa wakati wa kusafisha, maana HEK zenye endotoksini kwenye DNA hutoa protini kidogo.

Seli ni HEK293 zinazoelea, kwenye midia isiyo na seramu. Kutokuwepo kwa seramu hapa ni lazima: seramu ya ng'ombe imejaa IgG, na sisi tunatengeneza kitu ambacho kazi yake ni kushika IgG. Seli zimeyeyushwa, zimepitishwa mara 4, zinakaa nyuzi 37, CO2 asilimia 8, mizunguko 125 kwa dakika. Tunazigawa zikifika milioni 3 hadi 5 kwa mililita na kuzianzisha upya kwa milioni 0.4. Kipimo cha mikoplasma: hasi.

Wiki ya 3: kuingiza DNA

Chupa mbili, mL 200 kila moja. Asubuhi seli zilihesabiwa: hai asilimia 97. Zilizungushwa taratibu, midia ya zamani ikamwagwa, zikawekwa kwenye midia mpya kwa milioni 3 kwa mililita. Kumwaga midia ya zamani si urembo. Ina dawa ya kuzuia seli zisigandane, na dawa hiyo hiyo huzuia PEI, kemikali inayobeba DNA kuingia ndani ya seli, isishike DNA.

Kwa kila chupa: DNA maikrogramu 200 kwenye mL 10 za midia, PEI maikrogramu 600 kwenye mL 10 nyingine, PEI ikamiminwa juu ya DNA, ikachanganywa kwa kugeuza mara tano, ikaachwa dakika 12. Chembe za DNA na PEI huendelea kukua zikiachwa. Zikipita dakika 20 zinakuwa kubwa kiasi kwamba seli hazizimezi, nazo huanza kuua. Saa ya ukutani haitoshi kwa kazi hii. Tumia kengele ya simu kwa kila chupa.

Saa 24 baadaye: valproati ya sodiamu hadi milimola 3.5 pamoja na glukosi. Seli hai asilimia 93. Siku ya tatu: 86. Siku ya tano: 74 kwa V, 71 kwa F. Tumevuna siku ya tano. Kungoja siku ya saba huongeza protini kidogo, lakini seli zinazokufa hutoa vimeng'enya vya kukata protini na DNA inayoufanya mchuzi (midia iliyobeba protini yetu) uwe mzito na kuziba kichujio.

Kuvuna: mizunguko ya 400 g kwa dakika 10, mchuzi ukahamishwa, 4,000 g kwa dakika 30, kisha kichujio cha maikromita 0.45 na baadaye 0.22. Anayeruka kichujio cha kwanza ataharibu cha pili.

Wiki ya 4: nikeli yang'oka

Mchuzi wa V ulipakiwa moja kwa moja kwenye safu ya mL 1 ya resini ya kawaida ya nikeli. Resini mpya ina rangi ya samawati iliyopauka. Baada ya mL 40 hivi, ukingo wa juu ulianza kuwa mweupe, na weupe ukateremka taratibu mithili ya maji yanayoloweka mchanga. Kufikia mL 150 safu yote ilikuwa nyeupe. Nikeli imeondoka.

Chanzo ni midia yenyewe. Midia za seli zinazoelea huwa na vitu vinavyokumbatia madini ili chuma kisitue chini, na vitu hivyo havichagui. Hukumbatia nikeli pia. Histidini zilizomo kwenye midia nazo zinashindana na zile za protini yetu.

Mchuzi uliopita haukumwagwa. (Hakuna mchuzi unaomwagwa katika mradi huu mpaka jeli isome kwamba ni mtupu. Kanuni hiyo imeokoa kundi zima leo.) Uliwekwa kwenye mfuko wa dialisisi wa kDa 10, lita 4 za PBS (bafa ya chumvi na fosfati), nyuzi 4, usiku kucha, PBS ikabadilishwa mara moja. Protini ilirudi karibu yote. Mchuzi wa F haukupitia matatizo hayo: tulitumia resini ya nikeli iliyofungwa kwa nguvu zaidi, ya aina inayovumilia midia, ikakaa samawati hadi mwisho. Kwa chupa ndogo resini hii inalipa bei yake, kwa lita nyingi heri kubadilisha bafa kwa kichujio cha mtiririko wa pembeni.

Bafa zilizotumika: fosfati ya sodiamu milimola 20, chumvi milimola 500, pH 7.4. Imidazoli milimola 10 wakati wa kupakia, 30 wakati wa kuosha kwa ujazo 20 wa safu, 300 wakati wa kutoa. Kwa kuosha tulijaribu 50: V ilianza kutoka kidogo kidogo. Tukarudi 30.

Wiki ya 5: jeli, na sukari

Ukiiona kwa mara ya kwanza CD16a kwenye jeli utadhani ni chafu. Badala ya mstari mwembamba kuna wingu pana, kuanzia kama kDa 38 hadi 50, lenye ukingo wa juu uliofifia. Mtu anayezijua protini za bakteria atataka kuisafisha tena. Aache. Wingu hilo ni protini ile ile moja yenye sukari za urefu mbalimbali katika sehemu tano, na kila mchanganyiko unasimama mahali pake.

Uthibitisho ni PNGase F, kimeng'enya kinachokata sukari za asparajini. Maikrogramu 10 za protini zilichemshwa na SDS (sabuni kali inayokunjua protini), kimeng'enya kikaongezwa pamoja na sabuni laini ya kuilinda isiharibiwe na SDS, nyuzi 37, saa 1. Wingu lote lilikusanyika kuwa mstari mmoja mkali karibu na kDa 25, juu yake mstari wa PNGase F yenyewe kama kDa 36. Mkondo wa Endo H haukubadilika hata chembe. Hilo ndilo tulilotarajia: Endo H hukata sukari za mannosi nyingi, na HEK za kawaida huweka sukari changamano zenye matawi.

Mkondo bila dawa ya kuvunja madaraja ya salfa unakimbia kidogo mbele ya ule wenye dawa, na hakuna kitu kinachoonekana karibu na kDa 90. Kungekuwa na mstari hapo, madaraja yangekuwa yameunganisha molekuli mbili.

Jambo moja lazima lisemwe wazi. Sukari za HEK si sukari za seli za NK. CD16a inayochukuliwa kwenye seli za NK za watu ina sehemu kubwa zaidi ya sukari zisizokamilika na za mannosi, hasa kwa 45 na 162, na CD16a yenye mannosi hushika IgG kwa nguvu zaidi kuliko yenye sukari changamano. Kwa hiyo tunaposema "V inashika hivi", tunasema V ya HEK. Kila mahali kwenye data itaandikwa hivyo. Kundi la tatu, lenye kifunensini (dawa inayoziacha sukari zibaki za mannosi), limeongezwa kwenye mpango kwa sababu hii.

Wiki ya 6: biotini

V: safu ya ukubwa kwanza (Superdex 75, mL 24, mL 0.5 kwa dakika, PBS), biotini baadaye. Kilele kimoja chenye mabega laini, na uvimbe mdogo karibu na mL 8 ambako mabonge hutokea. Uvimbe umetengwa, kilele kimekusanywa. Miligramu 5.1.

Uwekaji wa biotini: protini maikromola 40, sawa na kama mg 0.92 kwa mL. Miligramu 2 ni nanomoli 87, kwenye mL 2.2. Bisini milimola 50 pH 8.3, ATP milimola 10, asetati ya magnesi milimola 10, biotini maikromola 50, BirA (kimeng'enya kinachoweka biotini kwenye alama ya Avi) maikrogramu 22. Nyuzi 30, saa 1, kisha nyuzi 4 usiku. Kabla ya hapo bafa ilibadilishwa kuwa Tris milimola 10 pH 8.0 yenye chumvi kidogo, kwa sababu BirA inazimwa na chumvi inayozidi milimola 100, na gliseroli nayo inaichosha. Wengi huichukua protini kutoka PBS moja kwa moja na kushangaa nusu haina biotini.

Kipimo: protini ikachemshwa na SDS, ikaachwa ipoe, streptavidini ikaongezwa zaidi ya kinachohitajika, ikapakiwa bila kuchemshwa tena. Wingu la CD16a lilitoweka karibu lote na kupanda juu. Biotini imekaa.

Hata hivyo tetrama za kwanza (vipokezi vinne juu ya streptavidini moja) zilishindwa. Streptavidini yenye PE, rangi inayong'aa, iliongezwa kwa uwiano wa vipokezi 4 kwa streptavidini 1, na kwenye shanga zenye IgG1 ishara ilikuwa dhaifu kuliko hata kipokezi kimoja kimoja kilichofuatwa na streptavidini. Protini ina biotini, streptavidini ni nzima, kwa nini haziungani?

Biotini huru. Kuiondoa tulitumia safu ndogo ya kuchuja chumvi ambayo kipimo chake cha juu ni mL 2.5, nasi tulipakia mL 3 baada ya kuosha mrija wa mmenyuko. Zile mL 0.5 za ziada zilisukuma biotini itoke pamoja na mkia wa protini. Biotini huru ni ndogo na ina kasi, inafika kwenye vishimo vya streptavidini kabla ya protini, na ikishafika haitoki tena. Kiasi kidogo kinatosha kuharibu.

Marekebisho: V imepitishwa tena kwenye Superdex 75. Kwa F mpangilio umegeuzwa: nikeli, kubadilisha bafa, biotini, halafu safu ya ukubwa mwisho kabisa. Safu moja inaondoa mabonge, BirA haibaki kwa wingi, na biotini inatoka mwishoni kabisa mbali na protini. Tangu sasa ndivyo tutakavyofanya kwa kila kundi. F: miligramu 4.4 baada ya yote.

Wiki ya 7: F yaishinda V

Kipimo cha SPR, mashine inayoonyesha papo hapo molekuli zikishikana na kuachiana juu ya chipu. Kipokezi chenye biotini kwenye chipu ya streptavidini, kidogo sana, vipimo 150 hivi vya mashine, kisha IgG1 ikapitishwa kwa hatua za nusu kwa nusu kutoka maikromola 4 hadi 0.031. HEPES milimola 10, chumvi milimola 150, sabuni asilimia 0.05, nyuzi 25, µL 30 kwa dakika, sekunde 60 za kushika na 180 za kuachia.

V ilifika nusu ya upeo karibu na maikromola nusu. Hilo ni sawa na kinachojulikana: vipimo vilivyochapishwa 2009 vinatoa karibu 0.5 kwa V na karibu 0.85 kwa F. F yetu ilifika nusu ya upeo kwa 0.2.

Hili haliwezekani. F hushika kwa udhaifu zaidi kuliko V, kila mahali palipopimwa vizuri. Kwanza tulishuku vichupa vimebadilishana. Plasmidi zilisomwa upya, hazikubadilishana. Ukolezi wa F ulihesabiwa upya, uko sawa, na hata ungekosewa haungeathiri kitu, kwa kuwa F ndiyo iko kwenye chipu.

Jibu lilikuwa kwenye sehemu ya picha ambayo kwa kawaida haiangaliwi. Mtiririko wa IgG ukikoma, CD16a inapaswa kuachia ndani ya sekunde chache na mstari kuanguka hadi chini kabisa. Kwa V ulianguka. Kwa F ulianguka robo tatu ya njia, kisha ukageuka kuwa mkia mrefu unaoteremka polepole, bado uko juu ya sifuri baada ya sekunde 180. Mkia wa namna hiyo hautoki kwa molekuli moja inayoshikwa na kipokezi kimoja. Unatoka kwa bonge lenye Fc nyingi linaloshikwa na vipokezi viwili vitatu kwa wakati mmoja. Kimoja kikiachia, vingine vinashikilia.

IgG iliyotumika siku ya F ilitoka kwenye kichupa kilichogandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa. Ya V ilikuwa mpya. Tulizungusha IgG ya zamani kwa 16,000 g dakika 10: mkia ulipungua, haukuisha. Mabonge madogo hayazami kwa mzunguko huo. Kisha ilipitishwa Superdex 200, safu ya ukubwa ya molekuli kubwa zaidi, kilele cha molekuli moja kikakusanywa na kutumika siku ile ile. Mkia ukaisha. F ikahitaji zaidi ya mara mbili ya ukolezi wa V kufika nusu ya upeo.

Kundi la data la kwanza la F limefutwa kwenye jedwali na sababu imeandikwa kando yake.

Wiki ya 8: kugeuza upande

Vipimo vilirudiwa kwa mpangilio wa kinyume: IgG imeshikwa na Protini L kupitia mnyororo mwepesi wa kapa, Fc ikiwa huru, CD16a ndiyo inapita. Hapa mabonge ya IgG hayadanganyi, ila mabonge ya kipokezi yangedanganya, ndiyo maana ni vizuri kufanya pande zote mbili. V na F zilikaa kwenye mpangilio wao.

Vidhibiti: IgG iliyokatwa sukari ya Fc kwa PNGase F haikushikwa na sura yoyote. IgG isiyo na fukosi ilishikwa na zote mbili kwa nguvu zaidi, na kuachia kwake kulikuwa kwa polepole, lakini mstari ulifika chini mwishowe, hauna umbo la mkia wa bonge. Tofauti kati ya picha hizi mbili inafaa kuzoewa na macho. Kwenye seramu ya mgonjwa zote zinaonekana kama "ishara kubwa", na moja tu ndiyo ya kweli.

Wiki ya 9: tetrama na shanga

Tetrama: kipokezi kwenye barafu, streptavidini yenye PE ikaongezwa sehemu 10, dakika 10 kati ya sehemu moja na nyingine, gizani. Ukiimimina yote kwa pamoja, streptavidini za mwanzo hujaa na za mwisho hubaki na kipokezi kimoja au viwili. Tetrama haigandishwi kamwe, PE huharibika. Inakaa nyuzi 4, ndani ya karatasi ya alumini.

Kwenye shanga: tetrama maikrogramu 1 kwa mL, saa 1, kuosha kwa PBS yenye BSA asilimia 0.1 na Tween asilimia 0.05. Maziwa ya unga hayatumiki kuzuia mahali patupu, yana biotini yake.

Seramu zilizopashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 zilitoa ishara ya juu hata kwenye shanga tupu. Kupasha huko kunatengeneza mabonge ya IgG, na tumeshaona kinachofuata. Seramu ambazo hazikupashwa, baada ya kuzungushwa na kuzimuliwa, shanga tupu zinakaa chini. Kwa seramu ambazo lazima zipashwe kwa ajili ya usalama, ishara ya shanga tupu itatolewa kwa kila seramu peke yake, na ile ambayo shanga zake tupu zinazidi robo ya ishara yake ya antijeni haitatumika.

Wiki ya 10: kundi la kifunensini, na kuhifadhi

Chupa moja ya V, mL 200, kifunensini maikromola 5 (mg 0.23) iliongezwa saa ile ile ya DNA. Mavuno ni kama ya kawaida. Kwenye jeli wingu limekuwa jembamba zaidi, na safari hii Endo H iliishusha yote. Sukari ni za mannosi, kama ilivyokusudiwa. Kwenye SPR inashika IgG1 ya kawaida kwa nguvu kuliko V yenye sukari changamano, mstari wake wa kuachia ni mrefu kidogo, na hauna mkia.

Kuhifadhi: mg 1 kwa mL kwenye PBS, µL 50 kwa kichupa, kugandishwa kwa nitrojeni majimaji, nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kikiyeyushwa kinatumika wiki hiyo kikiwa nyuzi 4, hakirudi kwenye friza. Kwenye kila kichupa kumeandikwa sura (V au F), sukari (changamano au mannosi), namba ya kundi, ukolezi uliopimwa kwa 45,170, na tarehe. Kinachofuata ni FcγRIIa, kipokezi kingine cha Fc, sura za H131 na R131, kwa mpangilio ule ule wa nikeli, biotini, kisha safu ya ukubwa. Plasmidi ziko kwenye kusomwa.